Kibonzo, Kicheko na Riziki ya Halali



Nachora vibonzo vya watu kwa malipo hapa Kigali, bila mwajiri wala mshahara wa mwezi. Wateja wangu ni maharusi wanaotaka kadi ya kuchekesha, wafanyakazi wanaomuaga bosi wao, wenye mikahawa ya Biryogo, na mara chache shirika linalotaka katuni ya kuelimisha. Wanafunzi wenzangu huniuliza swali lile lile baada ya swala: je, riziki hiyo ni halali? Mhariri ameniomba nijibu kwa maandishi. Mimi si mwanachuoni. Nitaeleza niliyojifunza kwa masheikh na namna yanavyoingia katika kazi yenyewe.

Kwanza kuchora. Hapa Afrika Mashariki wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na Imam Nawawi, katika sharhi yake ya Sahih Muslim, ameona kuwa kuchora chenye roho ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho. Wanavyuoni wengi wa Kimaliki walitofautisha: sanamu yenye kivuli ni haramu, na picha bapa ya karatasini au kitambaani ni makuruhu. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi alilegeza zaidi kuhusu picha bapa, mradi isiwe ya kitu kinachoabudiwa au kinachokwenda kinyume na dini. Baada ya kuuliza, nimefuata kauli ya wanaoruhusu. Asiyeridhika nayo simlaumu, na kwake mjadala umekwisha. Ila nimeona wengi wanaokubali wanaishia hapo, kana kwamba kalamu ikishahalalishwa basi kila itakachochora ni halali. Mtihani wa kazi hii hasa uko kwenye kicheko.

Kibonzo ni kutia chumvi. Unautazama uso, unatafuta kinachoutofautisha na nyuso nyingine, unakikuza hicho na kupunguza vingine. Bila hivyo umechora picha ya pasipoti. Sasa, ni kipi utakachokikuza? Surat al-Hujurat, aya ya 11, inawakataza wanaume kuwakejeli wanaume wenzao na wanawake kuwakejeli wanawake wenzao, kwa kuwa huenda anayekejeliwa ni bora kuliko anayekejeli. Na katika Musnad ya Imam Ahmad kuna habari ya Abdullah ibn Mas'ud (R.A.) alipopanda mti kukata mswaki, upepo ukafunua miundi yake myembamba, na masahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini. Walipomwambia ni wembamba wa miguu yake, akawajulisha kuwa miguu hiyo ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima Uhud. Kila ninaposoma habari hii najiona nimekaa pale nimeshika penseli, maana miundi myembamba ndiyo kitu cha kwanza mchora vibonzo angekiona.

Na Mtume huyo huyo alikuwa akitania, ila katika utani wake hakusema isipokuwa kweli. Kwa hiyo kicheko chenyewe hakijakatazwa.

Nilivyoelewa mimi, mtu ana alichoumbwa nacho, na ana alichokichagua au anachokifanya. Mzaha wangu nautoa kwenye la pili. Pua ndefu nitaichora ndefu, kwani bila hiyo mwenyewe hatajitambua, lakini pua haitakuwa ndiyo mzaha. Wafanyakazi fulani waliwahi kunitaka nimchore bosi wao anayestaafu mwenye tumbo la kujaza ukurasa. Nikawauliza: huyu mzee husema nini kila siku? Wakacheka wote kwa pamoja. Kumbe kila mkutano huufungua kwa kuahidi "dakika tano tu". Nikamchora amesimama ameinua vidole vitano, na mbele yake wafanyakazi wameota mizizi kwenye viti, mmoja ana ndevu hadi magotini, mwingine ndege amejenga kiota kichwani mwake. Mzee aliitundika sebuleni kwake. Picha ya tumbo asingeitundika.

Hapa Rwanda jambo hili halihusu adabu ya mtu mmoja tu. Gazeti la Kangura, lililoanza 1990, lilichapa katuni za chuki zilizowadhalilisha Watutsi, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipofika 1994 watu walikuwa wameshazoea kuzicheka. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, Desemba 2003. Ndiyo maana kijana mmoja aliponitaka nimchore mpinzani wake wa uchaguzi wa wanafunzi kama mnyama, nilikataa kabla hajataja bei. Nilimwambia niletee ahadi ambazo hakuzitimiza, nitachora hizo.

Kumkosoa mwenye madaraka kwa matendo yake ni jambo jingine, na sheria yetu imepita hapo. Sheria ya adhabu ya 2018, kifungu cha 233, ilifanya kosa kuwadhalilisha viongozi hata kwa katuni, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu hicho. Tazama pia Tanzania: Masoud Kipanya amewachekesha watu kwa miaka mingi kupitia kipanya chake kidogo, na mzaha wake mwingi unatoka kwenye mambo yanayotokea.

Sasa mapatano, ambayo wachoraji wengi huyadharau. Kazi ya kuagizwa kama hii inaingia katika istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jedda cha 1992, lilitaka kitu kinachoagizwa kibainishwe aina, sifa na kiasi chake, muda wa kukikabidhi uwekwe, na bei iruhusiwe kulipwa kwa mafungu. Mteja akisema "nichoree kitu kizuri, tutaelewana", hapo kuna gharari, na ugomvi uko njiani. Kuna mteja alichukua kibonzo nilichomchorea kwa ajili ya orodha ya vyakula, akakichapa kwenye fulana na kuziuza. Sikuwa na pa kumshika, kwa kuwa matumizi hatukuyaandika. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wote.

Kuhusu arbuni, wanavyuoni wa Kihanbali wameruhusu muuzaji abaki nayo mnunuzi akijitoa, na wengi wa madhehebu mengine wamekataa. Mimi nahesabu kazi niliyokwisha kufanya, inayobaki narudisha.

Kwa hiyo kabla ya kuanza natuma ujumbe mmoja wa WhatsApp: nyuso ngapi, karatasi au faili, tarehe, masahihisho mawili tu, itatumika wapi, na je, anayechorwa anajua? Kama ni zawadi ya kumshtukiza, naomba nizungumze na mkewe, mumewe au rafiki yake wa karibu, nimuulize ni lipi hapendi kuchekwa. Mteja akijibu "nimekubali" na nusu ya pesa ikaingia kwenye MoMo, ndipo nachukua penseli.