Mshauri wa Mambo ya Umma: Kazi ya Siku za Mapumziko
Somo la Uraia kwa Kidato cha Tatu na cha Nne. Wazazi nao wakaribishwa kusoma.

Muhula huu mwanafunzi mmoja aliuliza darasani: "Mwalimu, mtu aweza kuwa na kazi yake ya kila siku, kisha Jumamosi akaishauri Serikali na kulipwa?" Wenzake wakacheka, kwani walidhani kushauri Serikali ni kazi ya wakubwa wa Dodoma tu. Swali lilikuwa zuri, wala halikustahili kuchekwa. Nilimjibu kwamba yawezekana, tena yafanyika. Lakini jibu la neno moja halitoshi, ndiyo maana nimeliandikia somo hili.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Kila siku Serikali, halmashauri ya wilaya na hata halmashauri ya kijiji hukutana na maswali magumu. Fedha kidogo zilizopo zijenge zahanati au zitengeneze barabara? Bonde la kijiji lilimwe au liachiwe mifugo? Viongozi wana haki ya kuamua, lakini si lazima wawe na nafasi ya kuchunguza kila jambo. Basi humtafuta mtu mwenye elimu ya jambo lile, wakampa swali, muda na malipo. Mtu huyo hukusanya habari, huhesabu, husikiliza watu, kisha huandika: "Njia zilizopo ni hizi, faida yake ni hii, hasara yake ni hii, nami naona hii yafaa." Siku hizi huitwa mshauri mwelekezi.

Wengi wa washauri hawa wana kazi nyingine: huyu ni mwalimu wa chuo, yule ni mhasibu, mwingine ni bwana shamba aliyestaafu. Kazi ya ushauri ina mwanzo na mwisho. Ikiisha, mtu hurudi kwenye ubao wake au shamba lake.

Kumbuka neno hili, maana ndilo mzizi wa somo lote: mshauri hushauri, mwenye mamlaka huamua.

2. Mfano wa kweli: mashauri ya ardhi

Mwezi wa Januari mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi Tanzania Bara. Mwenyekiti wake hakuwa mkubwa wa wizara, bali mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Issa Shivji. Tume haikukaa ofisini kusubiri barua. Ilizunguka mikoani, ikafanya mikutano ya hadhara ipatayo 277, na waliohudhuria walikadiriwa kufika 83,000. Wakulima na wafugaji walisimama wakaeleza jinsi walivyopoteza mashamba na malisho. Taarifa ikatolewa mwezi wa Novemba mwaka 1992.

Tume ilishauri jambo zito: kwamba mamlaka ya juu ya ardhi yasikae mikononi mwa Rais peke yake, bali ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji vyenyewe, na ardhi nyingine iwe chini ya chombo cha taifa. Serikali ilisoma, ikachukua baadhi ya mawazo, lakini hilo kubwa haikulikubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 iliacha ardhi yote iwe mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Baadaye alitafutwa mshauri wa pili wa kuandika muswada wa sheria. Huyo alikuwa Profesa Patrick McAuslan wa Uingereza, naye pia mwalimu wa chuo kikuu, ambaye mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa sheria mjini Dar es Salaam. Kutokana na kazi hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zote za mwaka 1999. Zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Je, Profesa Shivji alifanya kazi bure kwa kuwa shauri lake kubwa halikukubaliwa? Sivyo. Aliendelea kulitetea waziwazi, hata mwaka 1998 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Taarifa ya Tume yasomwa hadi leo na kila anayechunguza habari za ardhi nchini. Shauri jema laweza kukataliwa leo, lakini likiandikwa vizuri halipotei.

Na sheria hizo si za watu wa mbali. Chini ya Sheria Na. 5, halmashauri ya kijiji, hata hapa Ntobeye, haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mila inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Maneno hayo yalianza kama mashauri kwenye karatasi. Leo yanalinda kihamba cha mjane.

3. Kazi hufanywaje?

Tuchukue mfano. Kijiji hiki ni cha kubuni, na hesabu zake ni za kujifunzia tu. Kina bonde la ekari 40. Mtu mmoja kutoka mjini ataka kulikodi lote alime mboga, naye atalipa shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Halmashauri ya kijiji yamwomba mwalimu wa hesabu aishauri kabla ya mkutano mkuu. Mwalimu ana Jumamosi tu.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Mwalimu amwombe mwajiri wake kwa maandishi, asiibe saa za vipindi, wala asitumie karatasi za ofisi.

Jambo la pili ni hadidu za rejea, yaani karatasi inayoeleza swali, muda, malipo, na kitu kitakachotolewa mwishoni. Wanakubaliana siku 10, yaani Jumamosi 10: siku 2 za kusoma kumbukumbu za kijiji, siku 4 za kutembea bondeni na kusikiliza watu, siku 2 za kuhesabu, siku 1 ya kuandika, na siku 1 ya kuisoma taarifa mbele ya halmashauri. Malipo yatajwe mapema, tena yawe yale yale, jibu likiwa ndiyo au siyo. Mshauri anayelipwa zaidi akisema "ndiyo" si mshauri tena, ni dalali.

Jambo la tatu ni kuhesabu. Mwalimu ashuka bondeni alfajiri, si saa sita mchana. Akuta nini? Familia 60, nyingi zikiongozwa na akina mama, hulima bustani za robo ekari wakati wa kiangazi. Jumla ni ekari 15. Kila familia hubakiwa na shilingi 150,000 baada ya gharama. Zidisha mara 60, wapata shilingi 9,000,000. Ekari 10 ni njia ya ng'ombe na mahali pa kunyweshea. Ekari 15 zilizobaki zina majani tu, na watu huchukua machache kutandaza migombani.

Angalieni hapa, wanafunzi. Zile milioni 4 za mpangaji zingeingia katika daftari la kijiji, na kila mtu angeziona. Hizi milioni 9 zimo katika vitambaa vya akina mama 60, hazimo katika daftari lolote. Asiyeshuka bondeni atashauri kwamba kijiji kikodishe, naye atadhani ameleta faida ya milioni 4, kumbe ameleta hasara ya milioni 5. Wengi wenu mwajua sare na madaftari yenu yalitoka wapi.

Jambo la nne ni sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwalimu apime kwanza, ndipo azihesabu ekari zinazoweza kulimwa. Tuseme amepima, akakuta zote ziko nje ya mipaka hiyo.

Jambo la tano ni kuandika njia zote, si moja. Njia A: kukodisha lote. Kijiji chapata 4,000,000, familia 60 zakosa 9,000,000, na ng'ombe wakosa maji. Njia B: kukataa kabisa. Bustani zabaki, kijiji hakipati kitu. Njia C: kukodisha zile ekari 15 za majani kwa bei ile ile ya shilingi 100,000 kwa ekari. Kijiji chapata 1,500,000, bustani zabaki, na njia ya mifugo yabaki. Lakini wenye migomba watatafuta majani mahali pengine, na hilo nalo liandikwe. Mwalimu ashauri Njia C, aweke kalamu chini. Mkutano mkuu, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio utakaoamua.

4. Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni undugu. Ikiwa shemeji yake mwalimu ana ng'ombe bondeni, aseme wazi siku ya kwanza, mbele ya mashahidi. Likijulikana mwanzoni ni habari tu. Likifichuliwa mwishoni ni aibu, na taarifa yote hutupwa pamoja na ukweli uliomo.

Mtego wa pili ni kumpendeza mlipaji. Kuna viongozi waliokwisha kuamua, nao wamtafuta mshauri apige muhuri tu. Afadhali kukosa kazi ya pili kuliko kuandika usichokiona.

Mtego wa tatu ni kushauri kwa mbali. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee wa Ngara wanaikumbuka siku ile ya mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Baada ya miezi michache wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Wataalamu walikuja kutoka pande zote za dunia, na kazi yao iliokoa maisha ya wengi. Lakini miti iliyokatwa kwa kuni karibu na kambi za Benaco na kwingineko ilimgusa zaidi mwenyeji aliyebaki pale baada ya wakimbizi kurudi kwao mwezi wa Desemba 1996. Anayeshauri juu ya mahali fulani yampasa aulize: baada yangu, nani atabaki na matokeo?

5. Wewe waweza kuanzaje?

Usisubiri cheti. Kazi hii ina mizizi mitatu, nayo yote yapatikana shuleni: kuhesabu bila kudanganya, kuandika kwa maneno yanayoeleweka, na kumsikiliza mtu asiyezoea kusema mkutanoni. Ukijua Kihangaza au Kishubi una kitu ambacho mtaalamu wa mjini hukodi mkalimani ili akipate. Soma kwa bidii uchumi, sheria, kilimo, afya au ualimu, kisha ushike kazi yako ya kwanza mpaka uijue barabara, kwa kuwa hakuna anayemwomba shauri mtu ambaye hajui lolote. Ushauri wa siku za mapumziko hujengwa juu ya kazi ya siku za juma.

Maswali ya kujijaribu

1. Eleza tofauti kati ya kushauri na kuamua. Tumia mfano wa Tume ya mwaka 1991.
2. Kwa nini mwalimu wa mfano wetu alishuka bondeni alfajiri?
3. Ikiwa kila familia hupata shilingi 60,000 badala ya 150,000, je, Njia C bado ni bora kuliko Njia A? Onyesha hesabu yako, kisha taja jambo moja ambalo hesabu hiyo haionyeshi.
4. Wakati wa likizo, kaa karibu na bomba au chemchemi ya kwenu kwa asubuhi tatu. Hesabu ndoo, watu na dakika za kungoja. Mweleze mzazi wako ulichokiona, kisha uandike ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa kitongoji: njia tatu, faida na hasara ya kila moja, na shauri lako. Usimwambie la kufanya. Mwonyeshe hesabu.