Mafunzo Niliyopata kwa Kukusanya Stempu za Vasco da Gama

Mwaka 1898 Ureno iliadhimisha miaka 400 tangu Vasco da Gama afike India kwa bahari. Stempu nane zikachapwa kwa ajili ya sherehe hiyo, za Ureno yenyewe na za makoloni yake. Seti ninayoipenda mimi imeandikwa AFRICA, na ilikubalika katika posta za makoloni ya Wareno barani humu, Msumbiji ikiwamo. Nyingi si ghali, na mtu wa pwani ana mengi ya kusoma ndani yake.

1. Tafuta kilichorukwa

Nilizipanga zote nane kwa thamani, kuanzia reis 2½ hadi 150, nikazipitia kwa lensi. Kuna mabaharia wakipanda chombo, merikebu ziking'oa nanga, São Gabriel iliyoongoza msafara, Malaika Jibrili, mwanamke anayesimama badala ya Historia, mshairi Camões, Vasco mwenyewe, na kuwasili Calicut. Basi. Ukizifuata picha utadhani watu walitoka Lisbon wakaibukia Calicut. Kila moja imeandikwa AFRICA, na hakuna hata moja inayosimulia yaliyotokea Afrika.

Sasa soma shajara iliyoandikwa na mmoja wa waliosafiri. Machi 1498 wako Kisiwa cha Msumbiji. Tarehe 7 Aprili wanatia nanga nje ya Mombasa, wenyeji na wageni wakiviziana usiku na mchana. Wiki moja baadaye wako Malindi. Mfalme wa Malindi, ambaye hakupatana na Mombasa, akawakirimu na kuwapa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya pwani ya Calicut.

Rubani huyo ndiye hasa ninayemkosa kwenye seti. Wengi husema alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu mashuhuri, lakini wanahistoria wengi siku hizi hawakubali; João de Barros, Mreno aliyeandika habari hizi karne ya 16, alimtaja kuwa Mwislamu wa Gujarati. Awe nani, bila yeye stempu ya kuwasili Calicut ingekosa cha kuonyesha.

2. Usiisifu merikebu kabla ya kuuliza upepo

Kwenda kulikuwa kwepesi, maana kusi ilikuwa inaanza. Kurudi, Wareno waliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika. Nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu angewaambia wasubiri. Walihangaika baharini karibu miezi mitatu, na kiseyeye kikaua watu wapatao 30. Januari 1499 wakafika tena Malindi, wakaletewa machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Merikebu ya São Rafael wakaichoma moto, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Kwenye stempu matanga yamejaa tele, hakuna anayeumwa.

3. Sura ile ni ya uzeeni

Mwenye ndevu tunayemwona kwenye stempu ya reis 150 ni mtu wa cheo. Aliyeondoka Lisbon mwaka 1497 alikuwa hajafikia miaka 40. Wachoraji hupendelea sura ya aliyekwisha kutukuzwa, yule aliyerudi India mwaka 1524 kuwa makamu wa mfalme na kufia Kochi mwaka huohuo.

4. Weka jirani kile ambacho sherehe imekiacha

Mwaka 1502 alirudi na mizinga mingi zaidi. Kilwa alimlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Katika bahari ya India aliiteketeza meli iliyojaa mahujaji waliokuwa wakitoka Makka. Dhahabu ya Kilwa ilifuliwa chombo cha ibada, Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho hadi leo kimo makumbusho Lisbon.

Kwa hiyo kwenye albamu yangu, kando ya stempu za 1898, kuna postikadi ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Mkusanyaji mwenzangu alinung'unika kwamba naiharibu seti. Nikamwambia yake aipange atakavyo.

5. Pwani na gundi havipatani

Stempu yenye gundi hunata albamuni msimu wa masika. Albamu zisimame wima mahali penye hewa, zisilaliane kabatini.

6. Serikali hubadilika, Vasco hubaki

Wareno walimwondoa mfalme wao mwaka 1910. Mwaka 1913 stempu za Vasco zilizoandikwa AFRICA, MACAU na TIMOR zilichapwa upya juu yake: neno REPUBLICA, bei mpya kwa centavos, na jina la mahali zitakapotumika, kama Tete, Inhambane, Lourenço Marques au Quelimane. Wafalme walimtumia, na waliowang'oa wafalme nao wakamtumia. Ndiyo maana kuna stempu ya Mreno akiwasili India, imeandikwa jina la mji wa pwani ya China, ikauzwa posta ya Msumbiji.

Ninazo ambazo hazijatumika. Ninayoitaka ni ya Quelimane iliyopigwa muhuri wa posta unaosomeka, ikiwezekana ingali kwenye bahasha yake. Wauzaji wameshanijua, na bei hupanda nikishauliza tu.