Wati za Maabara, Saa ya Uwanjani: Mafunzo Niliyopata

Nilipokuwa nasoma Manchester, kibarua changu kilikuwa kuwapima waendesha baiskeli wa mbio fupi. Mchana nawapigia kelele maabara juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Jioni naenda uwanjani, kwenye mzunguko wa mbao wa mita 250, kuona kama namba zilisema kweli.

1. Jua unapima nini. Kipimo cha Wingate, kilichobuniwa Israeli miaka ya 1970, ni kunyonga baiskeli kwa nguvu zote kwa sekunde 30. Mita 200 za kasi huisha kwa kama sekunde kumi: Harrie Lavreysen wa Uholanzi alitumia 9.088 kwenye Olimpiki ya Paris, 2024. Kwa hiyo mimi husoma sekunde tano za mwanzo. Zile za mwisho, mtu anapotoka mate na kuilaani mashine, zinamfaa zaidi wa mbio za kilomita moja.

2. Uliza kilele cha nguvu kilifika miguu ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Hapa ndipo penye utamu. Kadiri miguu inavyokwenda kasi, ndivyo msukumo wa kila kanyagio unavyopungua. Nguvu hufika kileleni katikati, mara nyingi karibu na mizunguko 120 hadi 130. Lakini kwenye mita 200 miguu hupita hapo. Niliwahi kupima vijana wawili wenye wati sawasawa. Mmoja kilele chake kilikuwa chini ya 120, na alichomoka kwenye mstari kama jiwe la manati. Mwenzake alizidi 130; kuanza alikuwa mzito, ila kasi ikishakolea hakamatiki. Karatasi yenye wati peke yake ingesema wamelingana.

3. Maabara haina upepo. Kuongeza kasi kwa asilimia kumi kunadai karibu theluthi zaidi ya nguvu ya kuikata hewa. Mfupi anayejikunja vizuri anaweza kumshinda pandikizi la mtu. Chris Hoy wa Uingereza alifuata hewa nyepesi ya milimani La Paz, Bolivia, mwaka 2007, na bado rekodi ya kilomita ikamponyoka kwa sekunde 0.005.

4. Wala maabara haina mpinzani. Kuviziana hakupimwi kwa wati.

Kocha, kipimo kikulinganishie mtu na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita. Timu ichaguliwe na saa ya uwanjani.