SOMO LA KIINGEREZA: VINENO VIDOGO VYA KULIPA FEDHA

Kiingereza cha fedha hakimshindi mtu kwa maneno yake makubwa. Karibu kila anayeuza au kununua katika masoko ya Nakuru, Njoro au Naivasha anajua kwamba "pay" maana yake ni kulipa. Ugumu umo katika vineno vidogo vinavyokaa kando ya neno hilo, kama vile "for", "on" na "in". Mkulima aweza kupoteza bei ya magunia kumi kwa sababu ya kineno cha herufi mbili alichokitia sahihi bila kukifahamu. Kwa hiyo yafaa kuvitazama vineno hivyo kimoja kimoja.

Kulipa na kulipia

Hapa msomaji anao msaada katika lugha yake mwenyewe. Kiswahili hutofautisha kulipa na kulipia, na Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa "pay" na "pay for". Anayepokea fedha hulipwa, bali kitu kinachonunuliwa hulipiwa.

"I paid the driver." Nilimlipa dereva.
"I paid for the potatoes." Nililipia viazi.

Mtu asemaye "I paid the potatoes" amesema kwamba viazi vilinyosha mkono vikapokea ujira. Mwingereza atamwelewa, lakini atacheka moyoni.

Yako maneno ambayo hayataki "for", nayo ni yale yanayotaja fedha yenyewe inayodaiwa. Husemwa "pay the rent", kulipa kodi ya nyumba; "pay school fees", kulipa karo; "pay a debt", kulipa deni. Lakini chumba, masomo na ng'ombe ni vitu vinavyopatikana kwa fedha hiyo, basi hivyo hulipiwa: "pay for the room", "pay for the cow".

Tena, kineno "for" huonyesha kulipa kwa niaba ya mtu. "I paid my brother" ni kusema nilimlipa ndugu yangu. "I paid for my brother" ni kusema nilimlipia. Katika maneno ya kwanza fedha iliingia mfukoni mwa ndugu. Katika ya pili iliingia mfukoni mwa mtu mwingine, na huenda ndugu huyo sasa anadaiwa. Anayetoa ushahidi kwa Kiingereza na achunge sana jambo hili.

Sehemu ya deni au deni lote

Tuseme mkulima wa Molo ameuza magunia 30 ya viazi kwa bei ya Sh. 2,500/- kila gunia. Jumla ni Sh. 75,000/-. Mnunuzi anatoa Sh. 45,000/-, anaahidi kuleta zilizobaki wiki ijayo, kisha anamwomba mkulima atie sahihi katika karatasi ya Kiingereza. Idadi ya fedha iliyoandikwa ni ya kweli. Lakini baada ya idadi hiyo kuna maneno machache, na hayo ndiyo ya kusomwa.

Karatasi ikisema "Received Sh. 45,000 on account", mambo ni salama. Maana yake ni kwamba mkulima amepokea fedha hizo kuwa sehemu ya deni, na deni lililobaki lingali hai. Ikisema "Received Sh. 45,000 in full settlement", maana yake ni kwamba deni limekwisha kabisa. Wiki ijayo, mkulima akidai Sh. 30,000/- zake, ataonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Huenda akawa na mashahidi wa kumwokoa, lakini njia hiyo ni ndefu na ya gharama.

Mwenye busara haoni haya kuomba karatasi isomwe polepole. Na kabla ya kutia sahihi huandika chini yake: "Balance due: Sh. 30,000", yaani baki linalodaiwa ni Sh. 30,000/-.

Ijulikane pia kwamba maneno "on account" yana kazi nyingine dukani. Mtu akichukua sukari na kusema "Put it on my account", anataka iandikwe katika hesabu yake, alipe baadaye.

Kabla ya kazi na baada ya kazi

"In advance" ni kulipa kabla. Wenye nyumba wengi hutaka kodi "in advance", yaani mwanzoni mwa mwezi, kabla mpangaji hajakaa siku zake. "In arrears" ni kinyume chake, kulipa baada. Mshahara wa mwisho wa mwezi hulipwa "in arrears", kwa kuwa kazi hutangulia na fedha hufuata. Zamani za walowezi vibarua wengi katika mashamba ya Bonde la Ufa walifanya kazi kwa tikiti ya siku thelathini. Tikiti ilipojaa siku 30 za kazi, ndipo kibarua alipopokea mshahara wake.

Lakini hapa pana mtego. Barua ikisema "Wages are paid in arrears", hakuna aliyelaumiwa. Imeeleza desturi tu. Barua ikisema "You are in arrears", mpangaji asiiweke kando. Anaambiwa kwamba muda wa kulipa umepita, na kwamba anadaiwa. Vineno ni vile vile, lakini cha kwanza ni habari na cha pili ni onyo.

Neno "balance"

Katika Kenya abiria wa matatu humwambia utingo, "Give me my balance." Waingereza wenyewe fedha ndogo anayorudishiwa mtu huiita "change", ambalo ndilo lililotupa neno chenji. Kwao "balance" ni kile kilichobaki katika hesabu. Katika karatasi ya benki, "balance" ni fedha uliyo nayo. Katika karatasi ya madai, "balance" ni fedha unayodaiwa. Basi alionaye neno hilo na atazame kwanza karatasi yenyewe ni ya namna gani, asije akafurahia deni akidhani ni akiba.

Kulipa pasipo fedha

Mwisho, Waingereza hutumia "pay" hata mahali pasipo senti moja. "Pay attention" ni kusikiliza kwa makini. "Pay a visit" ni kwenda kumtembelea mtu. "Farming pays" ni kusema kilimo kina faida. Lakini "You will pay for this" ni tisho, kama sisi tusemavyo "Utakiona!" Anayeambiwa hivyo asitoe mfuko wake wa fedha.

Na neno "bob", ambalo vijana wengi hudhani ni la mitaani Kenya, lilitoka Uingereza. Lilikuwa jina la mzaha la shilingi ya huko. Waingereza walibadili hesabu ya fedha yao mwaka 1971, na shilingi yao ikaondoka katika hesabu. Kenya, iliyoanza kutoa shilingi yake mwaka 1966, imeendelea kusema "bob" hata leo.

Mazoezi

Jaza mapengo. Pengo lisilohitaji neno liachwe wazi.

1. She paid ..... the maize seed.
2. He paid ..... the rent on Monday.
3. The tenant is ..... arrears.
4. Received Sh. 10,000 ..... account. Balance due: Sh. 5,000.
5. Fasiri kwa Kiingereza: Nilimlipia jirani.

Majibu: 1. for. 2. Liachwe wazi. 3. in. 4. on. 5. I paid for my neighbour.

Aliyekosa la nne na alirudie kabla ya kwenda sokoni, kwa maana kosa la darasani husahihishwa kwa kalamu, bali kosa la sokoni hulipiwa kwa fedha.