JANI LILILOKAUKA: LITAZAME KWANZA

Vikundi vyetu vingi vina bustani ya pamoja ya sukuma wiki na nyanya. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, majani ya chini huanza kukauka, na mabishano nayo huanza. Mmoja asema yaondolewe yote yachomwe, mwingine asema yaachwe yaoze yawe mbolea. Je, nani ana haki? Wote wawili, kwa maana majani makavu si ya namna moja. Tukiyachanganya, jasho la kikundi na pesa za mbegu huenda bure. Basi tujifunze kuyatofautisha.

JANI LILILOZEEKA
Jani la chini la sukuma wiki likigeuka manjano lote sawasawa, bila madoa, na majani ya juu ni mabichi, huo ni uzee tu. Livunje, ulitandaze chini au ulitie kwenye lundo la mboji. Lakini manjano yakipanda hadi majani ya katikati, huenda udongo una njaa. Ongezeni samadi iliyooza vizuri.

JANI GONJWA
Kwa nyanya, tafuteni mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa maji. Asubuhi na mapema geuzeni jani. Mkiona ukungu mweupe kwa chini, hiyo ni blaiti. Hupenda baridi na unyevu, hushika viazi pia, na yaweza kumaliza shamba kwa siku chache.

Kwa sukuma wiki, tazameni ukingo wa jani. Manjano yenye umbo la V, pamoja na mishipa myeusi, ni ugonjwa wa bakteria.

TUFANYE HIVI
1. Tungoje umande ukauke. Kupita kati ya mimea iliyolowa hueneza ugonjwa.
2. Tukate majani yote yenye mabaka, tuyatie ndani ya gunia papo hapo.
3. Mmea ulioshikwa hadi shina tuung'oe mzima.
4. Tuyachome, au tuyafukie katika shimo refu mbali na bustani. Yasiende kwenye mboji wala matandazo.
5. Tuoshe mikono na kisu kwa sabuni kabla ya kugusa mimea mizima.
6. Msimu unaofuata, palipougua nyanya tusipande nyanya wala viazi. Palipougua sukuma tusipande sukuma wala kabeji. Maharagwe yanafaa pote pawili.

Tena tukumbuke, dawa ya kunyunyiza haifufui jani lililokufa. Kazi yake ni kulinda lile ambalo bado ni zima. Anayengoja mpaka shamba lote liwe kahawia ndipo anunue dawa, ametupa pesa.

MASWALI YA KUJADILIANA
- Katika bustani yetu, majani makavu tunayatupa wapi?
- Msimu uliopita tulipanda nini mahali penye nyanya sasa?
- Ni nani atakayezunguka bustani kila wiki kugeuza majani na kuleta habari mkutanoni?

Swali hilo la mwisho msiondoke kabla ya kulijibu kwa jina la mtu.