Somo la Juma Hili: Theluji Inayoua

Msomaji aliyewahi kuutazama Mlima Kenya asubuhi na mapema ameuona weupe wa kileleni, na huenda akadhani kwamba theluji ni kitu kipole. Wenyeji wa milima ya Alps, huko Uswisi, hawadhani hivyo. Katika kipupwe cha 1950 hadi 1951 maporomoko ya theluji yaliua watu 98 nchini humo, wengine wakiwa majumbani mwao. Siku hizi wanaokufa zaidi ni wale wanaopanda milimani kwa matembezi, mahali pasipo na njia. Basi yafaa tujue jambo hili hutokeaje.

Theluji hujipanga tabaka juu ya tabaka, mfano wa mikeka iliyotandikwa. Matabaka mengine hushikamana imara. Lakini baridi ikizidi na theluji ikiwa haba, tabaka la chini hugeuka chembechembe zisizoshikana, kama sukari. Kisha upepo huleta theluji nyingine nzito na kuilaza juu yake. Kwa macho mlima ni laini na mweupe. Kumbe bamba zima limelala juu ya kitu kisichoweza kulichukua.

Hapo mtu mmoja akipita, uzito wake waweza kulivunja tabaka dhaifu, na bamba lote likakatika na kuteremka kwa kishindo. Hatari ni kubwa hasa penye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Katika kila watembezi kumi wanaofikwa na ajali hii, karibu tisa wameiamsha wenyewe, au imeamshwa na wenzao.

Dalili zake ni hizi: maporomoko mapya yaonekanayo jirani, mlio mzito chini ya miguu, nyufa zinazokimbia mbele ya mtembezi, theluji nyingi iliyoletwa na upepo, na joto la ghafula. Aonaye mojawapo sharti auache mteremko huo.

Wakati wa kipupwe wataalamu wa Davos hutangaza hatari kila siku kwa madaraja matano. La ajabu ni kwamba wengi hawafi siku za daraja la 5, maana siku hizo watu hukaa nyumbani. Hufa siku za daraja la 3, kwa kuwa hujiambia kwamba hatari si kubwa.

Aliyefunikwa na theluji hukosa pumzi upesi. Dakika 10 za kwanza ndizo zenye matumaini mengi. Msaada kutoka mbali huchelewa. Kwa hiyo kila mtembezi huchukua chombo kidogo cha redio kinachotoa ishara, fimbo ndefu ya kutafutia, na koleo la kuchimbia, ili wenzake waweze kumfukua.

Wazee wetu walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwenye busara hauamini uso wa mlima. Huuliza kwanza kilicho chini yake.