Kani, Momenti na Mgongo wa Daktari

Mtu ashukaye Milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, akielekea sokoni Morogoro, huiweka shingo yake wima. Uzito wa mkungu hupita katika pingili za uti wa mgongo hadi miguuni. Akiinamisha kichwa kidogo tu, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kuvuta sana ili mzigo usianguke. Kanuni hiyo hiyo huwahusu madaktari watibuo kwa kuongozwa na picha.

Katika tiba hiyo, daktari hupenyeza sindano au mrija mwembamba mwilini mwa mgonjwa huku akitazama katika kioo cha picha ncha yake imefika wapi. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya utaalamu huu yalianza mwaka 2018. Picha zikitokana na eksirei, daktari huvaa aproni yenye madini ya risasi ili kujikinga na mionzi.

Uzito wa aproni

Tuchukue aproni yenye eneo la mita 1 ya mraba na kinga iliyo sawa na risasi yenye unene wa milimita 0.5. Ujazo wa risasi hiyo ni sentimita za ujazo 500. Kila sentimita ya ujazo ina gramu 11.3, kwa hiyo tungamo lake ni kilo 5.65. Mzigo huo hukaa mabegani kwa saa kadhaa, na daktari akiinama huongeza momenti mgongoni. Aproni haifai kuvuliwa mionzi ikiwapo. Lakini ikigawanywa kuwa kizibao na sketi yenye mkanda, sehemu ya uzito huhamia nyongani.

Mahali pa kioo

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, yaani uzito wa nyutoni 50. Tuseme kimeinama hata kitovu chake cha uzito kiko sentimita 6 mbele ya egemeo la shingo, na misuli huvuta sentimita 3 nyuma yake. Basi:

50 × 6 = K × 3
K = nyutoni 100

Egemeo hubeba jumla ya nyutoni 150 hivi, mara tatu ya uzito wa kichwa! Kwa hiyo kioo kiwekwe mbele ya daktari, wala si ubavuni, kwa kimo cha macho au chini kidogo. Kitanda cha mgonjwa kiwe karibu na kimo cha viwiko. Mashine ya ultrasaundi haitoi eksirei, wala haihitaji aproni. Hata hivyo, ikiwekwa vibaya shingo itapinda vilevile.

Kusogeza kioo na kupandisha kitanda hakuhitaji fedha nyingi. Kumfunza daktari huchukua miaka mingi, na akiacha kazi kwa maumivu ya mgongo, wagonjwa wake ndio watakaokosa tiba.

Maswali

1. Kitovu cha uzito wa kichwa kikiwa sentimita 4 mbele ya egemeo, misuli itavuta kwa kani gani?
2. Shika ndoo yenye lita 2 za maji karibu na kifua, kisha mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Eleza tofauti uionayo.